Waliolaaniwa ni Kumi, Sisi Tunamkamata Mmoja

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, Ijumaa iliyopita baada ya swala nililetewa karatasi. Ina majina 17 ya vijana wa mitaa yetu hapa Mkonze. Nikaombwa mambo mawili. La kwanza, niyasome majina yale kwenye kipaza sauti cha msikiti ili wazazi wao waone haya. La pili, nitie sahihi barua ya kwenda polisi kuomba msako, vijana wale wakalale ndani mpaka akili ziwarudi. Kosa lao ni kwamba wanavuta bangi nyuma ya matanuri ya matofali, wengine wanakunywa, na wawili watatu inasemekana wameshaanza unga. Mdogo kuliko wote kwenye karatasi ile ana miaka 13. Ninamjua. Juzuu Amma ameihifadhi mbele yangu.

Nilikataa yote mawili. Tangu siku hiyo nasemwa. "Shehe anatetea mateja." "Shehe amelegea." Mmoja amenitumia sauti ya dakika nne, anasema labda na mimi nina mtoto mle. Sasa najibu hapa wazi, na ninaomba usome mpaka mwisho kabla ya kuandika chochote chini.

KWANZA: SIHALALISHI KITU

Asije mtu akasema Shehe wa Mkonze ameruhusu bangi. Kila chenye kulevya ni haramu, kiwe cha kunywa, cha kuvuta au cha kujidunga. Suratul Maida aya ya 90 na 91 imeshamaliza mjadala: ulevi na kamari ni uchafu, ni kazi ya shetani, na shetani anavitumia kutia uadui kati yetu na kutuzuia na swala. Anayefanya yale anamuasi Mola wake, awe na miaka 17 au 70.

Lakini kujua kwamba jambo ni haramu ni sehemu moja ya elimu. Sehemu ya pili ni kujua anayehusika na haramu hiyo ni nani, na anayefaa kushikwa ni yupi. Hapo ndipo tulipopotea.

PILI: WALIOLAANIWA NI KUMI

Amepokea Tirmidhi kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliwalaani watu kumi katika jambo la pombe. Tuwahesabu pamoja: anayeikamua, anayekamuliwa, anayeinywa, anayeibeba, anayebebewa, anayeinywesha, anayeiuza, anayekula thamani yake, anayeinunua, na anayenunuliwa.

Hesabu tena kwa vidole. Mnywaji ni mmoja. Wengine tisa ni watu wa biashara, usafirishaji na faida.

Haya, sasa twende mtaani kwetu na hadithi hiyo mkononi.

Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na mji wetu ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, ardhi imepanda bei na kila mwenye kiwanja cha barabarani amejenga fremu. Alhamdulillah, ni riziki. Lakini tembea jioni uhesabu fremu zilizopangishwa grosari. Uliza mwenye fremu ni nani. Nyingine ni za watu ninaowaona safu ya kwanza, wanatangulia msikitini kabla ya muadhini. Kodi ile ya kila mwezi ni nini kama si kula thamani yake?

Uliza nani anabeba makreti kwenye bodaboda na bajaji. Uliza mama anayeuza gongo uani, anampa nani chupa aipeleke kwa mteja. Anampa mtoto wa jirani wa miaka 11 na shilingi mia mbili ya asante. Kisha mtoto yule akionja tunashangaa.

Na sisi watu wa Dodoma tuna letu peke yetu, tuna zabibu. Allah ametupa ardhi ambayo Tanzania nzima inaijia kutafuta zabibu. Wapo Waislamu wenye mashamba ambao kila msimu gari la kiwanda cha mvinyo linapakia shambani kwao, na wanajua kabisa zinakokwenda. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, kumuuzia zabibu mtu unayejua kwa yakini kwamba atatengeneza mvinyo ni haramu kwa kauli yenye nguvu, na ukiwa na shaka tu ni makuruhu. Najua Imam Abu Hanifa ana kauli nyepesi zaidi, na simzuii mtu kumfuata kwa elimu. Lakini usichukue kauli nyepesi kwenye shamba lako halafu ukachukua fimbo nzito kwenye mgongo wa mtoto wa mwenzio.

Ndugu zangu, miongoni mwa walionijia na karatasi ile yumo mwenye fremu nne, na mbili zimepangishwa grosari. Simtaji na sitamtaja. Nikimtaja nitakuwa nimefanya lile lile ninalolikataza. Nilimfuata nyumbani kwake, nikamwambia ana kwa ana kabla sijaandika neno hapa. Hilo ni baina yangu, yeye na Allah.

Ila swali langu liko palepale. Wamelaaniwa kumi. Kwa nini karatasi ina majina ya mmoja tu?

TATU: KOSA LANGU MWENYEWE

Msidhani nazungumza kama mtu msafi. Miaka kumi na mbili iliyopita alinijia mama mmoja, mjane, mwanawe ana miaka 16 na ameanza bangi. Akaniuliza, Shehe nifanye nini? Nikamjibu kama wengi wetu tunavyojibu: mpeleke kituoni, waambie wamtishe kidogo, akilala ndani siku mbili atakoma.

Mama wa watu akanisikiliza, maana mimi ndiye imamu. Akampeleka kwa mikono yake.

Siku mbili zikawa wiki. Akachanganywa na watu wazima. Likatafutwa kosa la kumpa, ukapatikana uzururaji, kisha likaongezwa jingine. Alipotoka ilikuwa imepita miezi minne. Shule ilikuwa imeshamfuta. Fundi aliyekuwa anamchukua kama saidia fundi akasema hataki mtu aliyetoka ndani. Madrasa nako wazazi walikuja kuniambia wakimwona pale watawaondoa watoto wao, na mimi, Allah anisamehe, nikamwambia akae nyumbani kwanza. Waliombakia ni wale aliowakuta kule ndani, na hao walimpokea kwa furaha. Aliingia na msokoto wa bangi, akatoka anaujua unga.

Leo ni mtu mzima. Kila asubuhi anakwenda Itega kunywa methadoni, na anarudi kufanya kazi ya kushona viatu. Anaswali. Akinikuta njiani ananipa salamu kwa heshima, na kila akinisalimia mimi nainamisha macho. Mama yake hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Laiti angenilaumu.

Kwa hiyo mnaponiletea barua ya msako mjue mnamletea mtu aliyewahi kutia sahihi barua ya namna hiyo kwa ulimi wake.

NNE: WALIOPIMA JAMBO HILI WALIKUTA NINI

Kuna kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayeswali kwetu, anasoma mambo ya jamii. Nilipomsimulia habari hii akanitolea makala za utafiti, tukakaa nazo baada ya Isha usiku tatu. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, kwa hiyo nilikwenda polepole, neno kwa neno. Nawapa mliyomo kwa Kiswahili.

Marekani, miaka ya sabini, walianza mpango wa kuwapeleka watoto watukutu gerezani ili wafungwa wa vifungo virefu wawapigie kelele, wawatishe, waone mwisho wao. Mpango ule uliitwa Scared Straight. Watu waliupenda mno, ukatolewa mpaka filamu mwaka 1978. Ni ile ile fikra yetu ya "wamtishe kidogo". Baadaye wataalamu walikusanya majaribio 9 yaliyofanywa kwa haki: watoto wa aina moja wanagawanywa kama kwa kura, nusu wanapelekwa kutishwa, nusu wanaachwa. Wakafuatilia nani alirudi kwenye uhalifu. Waliopelekwa kutishwa walirudi zaidi kuliko walioachwa. Si kwamba dawa haikufanya kazi. Dawa iliongeza ugonjwa.

Uskoti, katika mji wa Edinburgh, watafiti wawili wanawake, Lesley McAra na Susan McVie, waliwafuatilia watoto wapatao 4,300 walioingia sekondari mwaka 1998. Waliwafuatilia miaka na miaka. Wakafanya jambo la busara: wakachukua watoto waliofanya makosa yanayofanana, wenye hali zinazofanana, mmoja akafikishwa kwenye vyombo vya sheria na mwenzake hakufikishwa. Wakawalinganisha. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2007 yanasema waliofikishwa mbele kabisa ya mfumo ule ndio waliochelewa kuacha makosa. Walioachwa na onyo, wakabaki mikononi mwa familia na shule, wengi wao waliacha wenyewe walipokua.

Na wakakuta jambo jingine ambalo Mkonze tunalijua bila utafiti. Polisi walikuwa wanawakamata wale wale. Mtoto aliyekwisha kujulikana, mtoto wa kwao maskini, mtoto anayeonekana barabarani, huyo ndiye alikuwa wa kwanza kuitwa kila jambo likitokea. Aliyefanya kosa lile lile ndani ya geti la kwao hakuna aliyemgusa. Angalieni karatasi yetu ya majina 17. Je, yumo hata mmoja ambaye baba yake ana gari?

Na pwani ya jirani zetu Kenya, mwaka 1995, Susan Beckerleg aliandika katika jarida la African Affairs kuhusu vijana wa kule. Katika kichwa cha makala yake aliweka "brown sugar", yaani unga, upande mmoja, na swala ya Ijumaa upande wa pili. Mwanamke mgeni ameona kwamba mbele ya kijana wa pwani kuna milango miwili, na mmoja wapo ni msikiti. Sasa mimi imamu nikipanda na kipaza sauti nikasoma jina la kijana, nimemfungia mlango upi? Nimemwachia upi?

Atasema mtu, Shehe unatuletea utafiti wa wasio Waislamu. Nakujibu: hospitalini ukipimwa malaria huwa unauliza aliyetengeneza kipimo anaswali wapi? Haya ni mambo ya kupima, wamepima. Na walichokikuta kipo kwetu tangu karne kumi na nne zilizopita, ila tumekiacha.

Katika Sahih Bukhari, Abu Hurayra (R.A.) anasimulia kwamba aliletwa mtu aliyelewa mbele ya Mtume (S.A.W.), akaadhibiwa. Adhabu ilikuwepo, sikatai. Alipokuwa anaondoka, mtu mmoja akamwombea Allah amfedheheshe. Mtume (S.A.W.) akakataza, akawaambia wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Elewa maana yake. Shetani anataka mlevi ajione hana tena pa kurudi, na mwenye kumfedhehesha anamfanyia shetani kazi yake bila mshahara.

Na Ibn Kathir, mwanzoni mwa tafsiri ya Suratu Ghafir, anataja habari ya Umar bin Khattab (R.A.). Alimkosa mtu mmoja wa Sham aliyezoea kumjia. Akaambiwa ameingia kwenye ulevi. Umar, yule ambaye mnapenda kumtaja mkitaka ukali, hakutuma askari. Alimwita mwandishi, akamwandikia barua ya salamu na kumkumbusha kwamba Allah anasamehe dhambi, anapokea toba, na adhabu yake ni kali. Kisha akawaambia waliokuwepo wamwombee dua. Yule mtu akaisoma barua ile akairudia na kuirudia, akalia, akaacha. Umar akawafundisha watu kwamba hivyo ndivyo afanyiwe ndugu aliyeteleza, wala wasiwe wasaidizi wa shetani juu yake.

Mmeniletea barua nitie sahihi. Ni barua gani, ya Umar au nyingine?

TANO: HATA SHERIA YA NCHI HAISEMI MNAYOYATAKA

Wengi wanaosema "apelekwe ndani" hawaijui sheria wanayoiitia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kesi yake ni ya Mahakama ya Watoto, inayosikilizwa faragha, mzazi au mlezi akiwepo pamoja na Afisa Ustawi wa Jamii. Mtoto hahukumiwi kifungo cha gerezani. Na chini ya miaka 10 hana jinai kabisa. Sheria hiyo hiyo inakataza kumuuzia mtoto pombe, sigara na vileo, na anayemuuzia ndiye mwenye kosa.

Yaani serikali imesema kesi ya mtoto isikilizwe faragha, na ninyi mnataka msikiti uisome kwenye kipaza sauti!

Mambo ya kusoma majina tuliyaona Februari 2017 pale Dar es Salaam, majina ya watuhumiwa wa dawa za kulevya yalipotajwa hadharani mbele ya kamera. Wapo ambao hawakupatikana na hatia yoyote mpaka leo, lakini jina likishatoka kinywani halirudi. Suratul Hujurat aya ya 12 imetukataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Karatasi yenu imebeba yote matatu kwa pamoja.

Wala sisemi polisi ni maadui. Ni ndugu zetu na wengine ni maamuma wangu. Rais alipounda Tume ya Haki Jinai mwaka 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilizunguka nchi kusikiliza malalamiko ya watu kuhusu ukamataji na mahabusu. Serikali yenyewe ilikubali kwamba hapo pana jambo la kurekebishwa. Sasa sisi Waislamu tuwe wa kusukuma watoto wetu mle mle?

SITA: UKIWASHIKA WALE TISA MAMBO YANABADILIKA

Mnakumbuka viroba? Kabla ya Machi 2017 pombe kali iliuzwa kwenye vipakiti vya plastiki kwa pesa ambayo hata mwanafunzi aliipata. Aliweka kwenye soksi akaingia nacho darasani. Tulipiga kelele kwenye mimbari miaka mingi, tukawachapa watoto, tukawafukuza. Havikupungua. Kisha Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Machi 2017 viroba ni marufuku. Hakukamatwa mtoto. Kilikamatwa kiroba. Vikatoweka madukani. Sasa wafanyabiashara wametafuta njia nyingine, chupa ndogo za mkononi zimejaa, na huo ndio ushahidi kwamba vita viko kwa muuzaji, naye halali.

Shirika la Afya Duniani linapozishauri nchi hatua zenye faida kubwa zaidi dhidi ya pombe, linataja tatu: kuongeza kodi ili bei ipande, kuzuia matangazo, na kupunguza mahali na saa za kuuzia. Ziangalie vizuri. Zote tatu zinamgusa muuzaji. Hakuna hata moja inayosema mkamate mtoto.

Na kwenye dawa za kulevya ni hivyo hivyo. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Kilo elfu tatu, ndugu zangu! Wenye kilo zile hawakai nyuma ya tanuri la matofali Mkonze. Mtoto wa kete moja ni tone la mwisho la bomba refu. Ukimfuta yeye na bomba likabaki wazi, kesho utapata tone jingine, na litakuwa mtoto wako.

SABA: NAJIBU MASWALI YENU

"Shehe, hao wametuibia." Aliyeibiwa ana haki yake, na haki ya mja haifutwi kwa huruma yangu. Nenda ukashtaki wizi, taja kilichoibiwa, leta shahidi. Lakini jina kwenye karatasi kwa sababu ya harufu ya moshi si ushahidi wa wizi. Anayekuja na panga akamatwe, na anayeuza unga akamatwe, na nitakuwa shahidi nikimwona.

"Shehe, huruma inawaharibu." Mimi sikusema waachwe. Kuacha ni rahisi kuliko ninayoyaomba hapa chini. Kumpeleka mtoto kituoni ni kazi ya saa moja, kisha unarudi kulala. Kukaa naye miaka miwili ni kazi ya kweli. Tusiite uvivu wetu ukali.

"Methadoni ni kubadilisha unga kwa unga." Si kweli. Ni dawa ya hospitali, inanywewa mbele ya mhudumu kwa kipimo, na hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa tangu Februari 2011. Inamtoa mtu kwenye sindano na kwenye wizi, inamrudisha kazini. Kumkatisha mgonjwa dawa yake kwa fatwa ya kijiweni ni dhambi itakayomfika aliyeitoa.

NANE: NINAYOYAOMBA

1. Karatasi ile nimeichana. Aliye na nakala aichane pia.

2. Mwenye fremu iliyopangishwa pombe, mkataba ukiisha usiuhuishe. Najua kodi ya grosari ni nzuri kuliko ya duka la vitabu. Anayeacha kitu kwa ajili ya Allah, Allah hamwachi mikono mitupu.

3. Wenye zabibu, tukutane baada ya Maghrib Jumatano. Kuna soko la zabibu za kula, kuna kukausha, kuna juisi, na pale Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu ambacho ni chetu wananchi. Nimeomba mwenzetu mwenye shamba aeleze alivyoanza kukausha. Sitamhukumu mtu kwenye kikao kile.

4. Barua itaandikwa, na nitatia sahihi ya kwanza. Itakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata na jiji, kuhusu grosari zilizo jirani na shule na kuhusu wanaowauzia watoto. Jina la mtoto halitakuwemo hata moja.

5. Kwa kila kijana kati ya wale 17 nataka watu wazima wawili, si zaidi, wa kumfuata kwa siri na kwa upole. Mmoja wa kumpatia kazi au kumrudisha shule, mmoja wa kuongea naye. Mpaka naandika haya wamejitokeza watu tisa. Nataka 34.

6. Aliyefika kwenye unga, nitampeleka Itega mwenyewe. Aje alfajiri, twende kabla jua halijachomoza, hakuna atakayejua.

7. Mzazi ambaye mwanawe amekamatwa, usikae nyumbani kwa aibu. Nenda na cheti cha kuzaliwa, taja umri wake, omba Afisa Ustawi wa Jamii aitwe, kataa achanganywe na watu wazima. Kama unaogopa kwenda peke yako, nigongee hata saa nane za usiku.

8. Madrasa haitamfukuza mtoto kwa kosa hili tena. Mzazi atakayemwondoa mwanawe kwa sababu hiyo, nitasikitika, lakini mlango hautafungwa. Niliufunga mara moja, na nitaulizwa siku ya Kiyama.

Yule wa miaka 13 nilimwita jana baada ya Alasiri. Sikumuuliza habari ya bangi. Nilimwambia anisomee alipoishia. Alisoma Suratu Abasa. Alipofika kwenye aya zinazotaja siku mtu atakapomkimbia ndugu yake, na mama yake na baba yake, akakwama. Sijui alisahau au alishikwa na jambo jingine. Nilimsaidia neno moja, akaendelea mpaka mwisho. Leo amerudi tena, peke yake, bila kuitwa.

Ile ni siku ya Kiyama, kila mtu atakimbia na lake. Hapa duniani tusitangulize kuwakimbia watoto wetu.

Ewe Allah, wasamehe vijana wetu na utusamehe sisi tuliowatupa. Takasa riziki zetu na haramu tunayoijua na tusiyoijua. Waponye walio kwenye dawa, wafunike aibu zao, na ufunike zetu siku zitakapofunuliwa. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Msambazie mwenye fremu, mwenye shamba na mwenye mtoto.